Meza Iliyofungwa Bila Moto

Mume wangu alifariki Jumapili tarehe 9 Novemba 2008, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akazikwa Jumatano tarehe 12. Naanza na tarehe kwa sababu nilijifunza kuziandika nikiwa mtu mzima, na mtu aliyepata kitu kwa kuchelewa hakitumii ovyo. Niliingia darasa la jioni la watu wazima Jumatatu tarehe 5 Oktoba 1998, nikiwa na miaka thelathini na sita. Diploma ya Serikali, cheti cha kumaliza sekondari, niliipata mwaka 2007, baada ya kuketi katika chumba cha mtihani pamoja na vijana ambao ningeweza kuwazaa. Siku zote mbili mume wangu alinisindikiza hadi mlangoni, akiwa amevaa koti lake la pekee, kana kwamba tunakwenda harusini.

Alikuwa fundi wa mitambo katika karakana ya kampuni moja ya kuyeyusha shaba hapa Lubumbashi. Kazi hiyo ilitulisha na kuwasomesha binti zetu wawili, ambao sasa wako kwa waume zao Likasi na Kolwezi. Lakini kitu alichokipenda hakikuwa karakanani. Kilikuwa nyuma ya nyumba yetu, chini ya paa la bati, na alikianza Jumamosi tarehe 21 Julai 2007: meza ya kukata chuma kwa plasma, inayoongozwa na kompyuta. Hakuna aliyemwagiza. Aliwahi kuiona moja kwa wageni waliokuja kufunga mitambo, akarudi nyumbani akiwa kimya kama mtu aliyehubiriwa.

"Ile mashine iko na akili ya fundi," aliniambia, "lakini haichoke, na haiombe ruhusa ya kwenda kilio."

Kwa asiyeijua, nitaieleza kwa ufupi. Ni fremu ya chuma, upana mita moja na robo, urefu mita moja na nusu. Juu yake daraja linatembea mbele na nyuma, na juu ya daraja mdomo wa kukatia unatembea kushoto na kulia. Mdomo huo hupuliza hewa ya kompresa iliyopitiwa na umeme, na hewa hiyo hugeuka mwali mwembamba unaopasua chuma. Bati la kukatwa hulazwa juu ya vibapa vyembamba vilivyosimamishwa ubavu, na chini yake kuna beseni la maji la kupokea cheche na vipande. Kompyuta inasoma mchoro na kuzungusha mota. Mwali unaufuata mchoro.

Mota nne alizitoa kwenye mashine kubwa za fotokopi zilizotupwa na ofisi fulani. Hesabu zilikuwa zangu. Alikuwa akileta kurasa alizochapishiwa mjini, nami nikizisoma kwa sauti jikoni na kufanya kazi kwa kalamu. Mota ikipiga hatua mia mbili, mhimili wake unazunguka mara moja. Mkanda wenye meno unasogea milimita sitini. Kwa hiyo hatua moja ni sehemu tatu za kumi za milimita, nayo ni kubwa mno kwa kazi safi. Ilibidi tupate kadi za umeme zinazogawanya hatua hiyo mara kumi. Nilipomaliza hesabu hiyo alisema kwamba mwalimu wangu wa jioni anastahili mbuzi.

Naye alinifundisha ya kwake. Siku moja alinionyesha nyaya mbili za mashine ya plasma. Moja inakwenda kwenye mdomo wa kukatia, na nyingine inaishia kwenye kibanio kinachoshika chuma kinachokatwa. Nilimuuliza kibanio hicho ni cha nini.

"Umeme iko sawa na mugeni," alisema. "Kama haione njia ya kurudia kwabo, haiingie mu nyumba yako."

Nilicheka, nikaliandika neno hilo pembeni mwa ukurasa wa hesabu.

Alipofariki, aliacha vyuma virefu visivyokatwa, zile mota nne, mashine ya plasma aliyoinunua ikiwa imeshatumika, kompresa, kompyuta ya zamani yenye uso mnene, na michoro. Kadi za umeme alizoziagiza zilikuwa bado safarini.

Sasa lazima nieleze ahadi, maana bila ahadi hiyo meza hii ingekuwa meza kama nyingine. Watu wa mume wangu wanatoka upande wa Kasomeno, njia ya kuelekea Kasenga. Katika ukoo wao mjane hawashi moto kwa mkono wake mpaka matanga yaondolewe, na hatii chumvi katika chungu. Mtu mwingine humwashia. Siku ya mwisho, mama wa marehemu humkabidhi moto mpya, na tangu hapo mjane ni mtu kama watu wengine. Mimi wazazi wangu walitoka Kasai. Kwetu hakuna desturi hiyo, na kanisani kwangu wangeipinga. Hata hivyo, tarehe 12 Novemba 2008, kaburi likiwa bado na udongo mbichi, mama mkwe aliniuliza mbele ya watu kama nitaishika, nami nikajibu kwamba nitaishika.

Sikujibu hivyo kwa woga. Mwaka 1993, watu wa asili yetu ya Kasai walipokuwa wakifukuzwa katika nyumba zao na kurundikwa kwenye stesheni za treni, mama huyo alikuja kutoka Kasomeno akaketi kwenye kizingiti cha mlango wangu siku kumi na moja, mchana kutwa, akichambua maharagwe. Kila kundi lililofika aliliuliza linamtafuta nani katika nyumba ya mwanawe. Hakuna aliyemruka. Kwa hiyo, miaka kumi na mitano baadaye, aliponiomba mwaka mmoja bila kuwasha moto, nisingeweza kuutafutia hoja.

Mwisho wa mwaka huo wa 2008 mji wenyewe ulikuwa kama umekatazwa moto. Bei ya shaba ilianguka, tanuru zikazimwa moja baada ya nyingine, na wanaume waliozoea kutoka alfajiri wakabaki wameketi mbele ya nyumba zao wakiwa wamevaa viatu vya kazi. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa mmoja wao. Walimwachisha kazi mwezi wa Desemba, akaamua kurudi Kasomeno na kufunga kinu cha kusaga mahindi.

Ijumaa tarehe 23 Januari 2009 jirani yangu aliniita juu ya ukuta. Alikuwa mama wa Kivu ya Kaskazini, ambaye mume wake aliuza bidhaa za jumla na kusafiri mara kwa mara. Ndiye aliyeniwashia mbabula yangu ya makaa kila asubuhi tangu nilipofiwa. Mume wake alikuwa ameshuka uwanja wa ndege wa Luano siku hiyo, na katika sanduku lake mlikuwa na boksi dogo.

"Mama, iko jina ya baba juu yake," alisema. "Sikujua nikuletee ao nikufiche."

Zilikuwa kadi za umeme, nne, zimefungwa katika karatasi ya fedha. Niliziweka mezani jikoni, nikatoa kurasa za hesabu, nikagundua kwamba najua kila waya unapaswa kwenda wapi. Siku hiyo nilianza.

Familia ilikuja Jumapili tarehe 15 Februari. Alikuja shemeji, na baba mkubwa wa ukoo, mzee ambaye neno lake lilikuwa la mwisho. Mama mkwe alikuwa bado akikaa nami. Shemeji alizunguka nyuma ya nyumba, akavipima vyuma kwa macho, akarudi.

"Mulamu," aliniambia, kwa neno wanaloitana watu waliounganishwa na ndoa, "ile machuma yote utafanya nayo nini? Kuanikia nguo?"

"Haiko machuma. Iko mashine."

"Mashine! Haina mukono, haina kichwa. Mi niko na kinu ya kusimamisha. Ile mabomba ya ndugu yangu ingefaa kabisa kwa fremu, na ile kompresa pia."

"Ndugu yako hakuipima kwa kinu," nilisema. "Aliipima kwa kazi yake. Na vipimo niko nabyo mimi, mu karatasi."

"Karatasi haikate chuma, mulamu."

Mzee aliinua mkono. Kisha akasema: "Bintu bya marehemu bitagawanywa siku ya kuondoa matanga, hapana mbele. Ile siku, kama hii kintu inakata chuma, basi iko mashine, na mashine inabakia na mwenye anaijua. Kama haikate, iko chuma ya mutoto wetu, na ndugu yake atapakia. Njo vile."

"Basi, baba mukubwa, kamba nimesha funga," shemeji alisema, na watu wakacheka, hata mimi kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto sita na mikono isiyo na kazi.

Matanga yangeondolewa Jumamosi tarehe 14 Novemba 2009. Nilikuwa na miezi tisa.

Kila fundi huunganisha fremu ya namna hii kwa kuchomelea. Mimi sikuweza kushika moto, na sikutaka kumwita mchomeleaji, kwa sababu angechomelea yeye, na siku ya siku wangesema meza ni yake. Nilibaki na bolti. Lakini hata kabla ya bolti palikuwa na swali la kukata vile vyuma, na kabla mama mkwe hajarudi Kasomeno mwezi wa Machi, nilimpeleka nyuma ya nyumba, nikamwonyesha mashine ya kukwaruza na kukatia, nikaiwasha kwa dakika moja juu ya kipande cha nondo.

"Mama, cheche iko moto?" nilimuuliza.

Aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akafikiri kwa uzito, kama hakimu.

"Cheche iko mutoto ya moto," alisema mwishowe. "Haiko moto, lakini inafanana na mama yake. Acha."

"Na hii ya kutobolea?"

Nilitoboa tundu moja, nikiimwagia oili. Kilitoka chuma kilichojikunja kama ganda la chungwa, na moshi kidogo.

"Ile inatoka jasho tu. Tumikisha."

"Na siku mashine itakuwa tayari, nikitaka kujaribu ule mwali wake wa kukata? Jirani yangu anaweza kubonyeza badala yangu."

Hapo alinitazama vikali. "Jirani anawasha moto ya chakula. Moto ya hii meza iko ya mutoto wangu. Utaningojea. Mi njo nitaiwasha."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilikata kila chuma kwa msumeno wa mkono, kuanzia tarehe 9 Machi hadi tarehe 30 Mei. Nyaya za kadi sikuziunganisha kwa risasi ya kuyeyusha. Nilizibana kwa skrubu. Mabega yalivimba, kisha yakazoea. Jirani yangu aliegemea ukuta kila asubuhi baada ya kuwasha makaa yangu.

"Mama, bado tu unakata ile ya juzi?"

"Bado."

"Bwana yangu anasema iko fundi kule kwenye barabara, anakata hii yote mbele ya chai."

"Mwambie bwana yako ile chai yake ipoe."

"Na pasteri wako anasema nini, kuhusu hii mambo ya moto?"

"Sijamwuliza. Hakuwepo mwaka 1993."

Mwezi wa Juni nilianza kuifunga fremu. Nilitumia bolti mia moja na kumi na mbili. Nilipima usawa kwa mpira mwembamba uliojaa maji, nikapima kutoka pembe hadi pembe. Katika fremu iliyonyooka, vipimo viwili vya mshazari ni sawa. Vyangu vilitofautiana kwa milimita nne. Nililegeza bolti za upande mmoja, nikasukuma kwa goti, nikakaza, nikapima: mbili. Nililegeza tena. Tarehe 27 Juni vilikuwa sawa kabisa, na niliketi chini kwenye vumbi la kiangazi nikalia. Katika mwaka ule, ndiyo mara pekee niliyolia bila mtu kunianzishia. Nilikuwa nimesoma mahali fulani katika kurasa zake kwamba joto la kuchomelea huipinda fremu, na kwamba mafundi wengi hugundua hivyo wakiwa wamechelewa. Yeye alikusudia kuchomelea. Meza yake ingepinda, naye angeipigapiga kwa nyundo mwaka mzima. Katazo la mama yake liliifanya inyooke, na sikuwa na wa kumwambia.

Jumamosi tarehe 19 Septemba nilifunga kalamu mahali pa mdomo wa kukatia, nikalaza boksi lililokunjuliwa juu ya vibapa, nikawasha kompyuta. Mota ziliimba. Daraja likatembea, likasimama, likarudi, na kalamu ikachora msalaba wa kaburi wenye tarehe ya kufa: 9.11.2008. Huo ndio mchoro niliouchagua. Kaburi lake lilikuwa na msalaba wa mbao tu, na mvua za msimu mmoja zilikuwa zimeshafuta maandishi yake.

Jirani aliangalia juu ya ukuta. "Mwaka muzima wa kukata chuma," alisema, "na sasa inaandika sawa mutoto wa darasa ya kwanza!"

"Hata mimi nilianza hivyo," nilimjibu, "na ndevu za wanafunzi wenzangu zilikuwa na mvi."

Tarakimu zilinipa kazi. Ukikata sifuri katika bati, moyo wake unaanguka. Vivyo hivyo tisa, na nane ina mioyo miwili. Niliacha vidaraja vyembamba vya milimita tatu ili kuishikilia mioyo hiyo isidondoke. Katika boksi vilionekana vizuri. Katika chuma sikujua, na nisingejua mpaka siku yenyewe.

Kwetu mjini, matanga yakikaribia kuondolewa, nyumba husafishwa kama bibi harusi. Kuta hupakwa chokaa, milango hupakwa rangi, hata mawe ya njiani. Mimi nilipaka vyote hivyo katika wiki ya kwanza ya Novemba, na Jumamosi tarehe 7 nikaipaka rangi meza. Rangi ya buluu, tabaka mbili. Nilivitoa vibapa vyote vya kulalia bati, nikavipaka kila upande mpaka kwenye ncha za juu, nikavirudisha. Sikutaka shemeji asimame mbele ya chuma chenye kutu na kukiita chakavu. Ilipokauka niliitazama, nikajiona mwanamke aliyemaliza kazi yake.

Mama mkwe alifika Ijumaa tarehe 13 katika kabini ya lori alilokuja nalo shemeji. Kamba zilikuwa kweli ndani ya lori.

Siku ya 14, saa kumi na mbili asubuhi, wanawake wa ukoo walinikogesha, wakanivua nguo nyeusi, wakanivika kitambaa kipya. Mama mkwe aliwasha moto kwa mkono wake mbele ya mlango, akachukua kaa jekundu kwa koleo, akalitia katika mbabula yangu. Nikapika uji, nikatia chumvi. Alionja wa kwanza, kisha baba mkubwa, kisha mimi. Chumvi ya mkono wangu mwenyewe, baada ya mwaka na siku mbili, ilikuwa kali ulimini kama kitu cha ugenini.

Kisha wote walienda nyuma ya nyumba.

Nililaza bati la milimita tatu juu ya vibapa. Nilishikisha kibanio kwenye mguu wa meza, mahali ambapo mume wangu alikuwa amepaonyesha katika mchoro wake. Nikawasha kompresa, kompyuta, mashine ya plasma. Mama mkwe nilimwonyesha kitufe cha kijani. Alifuta kidole chake kwenye kitenge, akakibonyeza.

Hewa ikapuliza. Kwenye ncha ya mdomo kikatokea kimwali kidogo cha buluu, kifupi kama ukucha, na daraja likaanza kutembea. Likafuata msalaba wote, kwa utulivu, kwa usahihi ule ule wa kalamu, na nyuma yake likaacha mstari wa masizi juu ya bati. Hakuna kilichokatwa. Kimwali kililamba chuma kama ng'ombe anavyolamba ukuta, kisha kikazimika.

Hakuna aliyecheka. Shemeji alinitazama mara moja, akainamisha macho, akageuka taratibu kwenda kwenye lori. Nilisikia akiangusha ubao wa nyuma.

Baba mkubwa alikohoa. "Binti yangu," alianza.

"Baba mukubwa," nilimwambia, "unisamehe. Uliniambia hii siku. Siku haijaisha."

Aliashiria kwa mkono kwamba niendelee.

Nilisimama mbele ya meza yangu ya buluu. Mota zilikuwa sawa, hewa ilikuwa sawa, mwali ulizaliwa lakini ulikataa kuingia katika chuma. Ulikataa kuingia. Hapo nikamsikia, kama alivyosema jikoni akiwa na nyaya mbili mkononi: mgeni asiyeona njia ya kurudi kwao haingii katika nyumba yako. Nikaishika meza kwa kiganja. Ilikuwa laini, yenye kung'aa. Fremu iliyochomelewa ni mwili mmoja. Yangu ilikuwa vipande vilivyofungwa, na mimi nilikuwa nimevivika vyote rangi, pamoja na zile ncha ambazo bati lililala juu yake. Kabla ya tarehe 7, umeme ungepita chuma kwa chuma. Kwa mikono yangu, kwa ajili ya macho ya watu, nilikuwa nimeifunga kila njia.

"Nipeni kisu," nilisema.

Jirani yangu, aliyekuja kama wageni wengine, alinipa kile cha kukatia vitunguu. Nilikifungua kibanio mguuni, nikakwaruza ukingo wa bati lenyewe mpaka kikaonekana chuma cheupe, nikakishikisha kibanio hapo hapo, juu ya bati. Kisha nikanyanyua upande mmoja na kukwaruza ncha za vibapa vitatu, nisije nikakosa. Buluu yangu ilianguka majini kama maganda ya yai. Watu walinitazama nikiiharibu meza niliyoitengeneza kwa karibu mwaka mzima, na nadhani wengi walidhani nimechanganyikiwa kwa uchungu.

Shemeji alikuwa amerudi na kamba begani.

"Mama," nilimwambia mama mkwe, "tena."

Alibonyeza. Kimwali kikatokea, kikagusa bati, na sauti ikabadilika. Ilitoka kwenye kupuliza ikawa kupasua, kali, kama kitambaa kizito kinachochanwa bila kukoma. Mwanga ulikuwa mkali hata nikawaambia wote wageuze nyuso. Cheche zilishuka chini ya bati zikazimika majini. Mwali ulianza na tarakimu, nami nilizihesabu kwa masikio: tisa; nukta; moja, moja; nukta; mbili, sifuri, sifuri, nane. Kisha ukazunguka msalaba wote, mkono wa kushoto, kichwa, mkono wa kulia, ukarudi ulikoanzia. Msalaba ukalegea, ukainama, ukaangukia majini kwa mvumo.

Nilivaa glavu nikautoa. Ulikuwa na ukingo mmoja uliolala kidogo, kama ilivyo kawaida ya plasma, na masizi ya jaribio la kwanza. Tarehe ilisomeka. Katika nane ya mwisho kidaraja kimoja kilikuwa kimeungua, na moyo wake wa juu haukuwepo.

Baba mkubwa alikipitisha kidole katika tarakimu moja baada ya nyingine, ingawa kingo zake zilikuwa kali. Hakujua kusoma, aliniomba nimsomee, nikamsomea. Kisha akasema maneno aliyoyaahidi mwezi wa Februari, kwa mpangilio ule ule, na jambo hilo likaisha.

Shemeji alikuwa bado na kamba begani. Aliinama kwenye beseni, akaingiza mkono katika maji yenye rangi ya kahawia, akapapasa kwa muda. Alipoutoa, alikuwa ameshika kipande kidogo cha mviringo, si kikubwa kuliko kifungo cha koti. Ulikuwa moyo wa ile nane.

"Mulamu," alisema, "iko mashine."

"Iko mashine," nilimjibu.

"Ndugu yangu angeisude," alisema, kwa neno la mafundi la kuchomelea. "Ingepinda."

"Ingepinda."

Alikigeuza kile kipande kiganjani. Alikuwa amekuja na lori kuchukua vyuma vyote vya kaka yake, na lori lilikuwa limesimama wazi nyuma yake. Nilimwambia anitumie vipimo vya kinu chake kwa milimita, vimeandikwa kwa karatasi, na tarehe juu yake, nitamkatia bamba zote. Alinitumia mwezi wa Februari 2010, nikamkatia.

Lakini siku ile hakujibu habari ya kinu. Aliniuliza kama ningekihitaji kile kipande ili kukirudisha mahali pake. Nikamwambia hapana, hakirudi. Basi akakifuta kwenye suruali, akakitia katika mfuko wa shati upande wa kushoto, akaufunga kwa kifungo, akaenda kuinua ubao wa lori.